Alice Ball aingie kwenye somo la esta: barua ya wazi kwa wakuza mitaala na watunga mitihani ya kemia

Kwa wakuza mitaala, wahariri wa vitabu vya kemia na watunga mitihani wa Tanzania, Kenya na Uganda,

Waheshimiwa, salaam.

Tunawaandikia kuhusu sehemu moja ndogo ya somo la kemia ya sekondari: esta. Mwanafunzi anafundishwa kwamba asidi oganiki ikipashwa moto pamoja na alkoholi na matone ya asidi kali ya salfuriki, hutoka esta na maji. Anaambiwa esta hunukia kama matunda, anaandika mlinganyo, na somo linaishia hapo. Haambiwi kwamba mmenyuko huohuo, kwenye maabara moja ya Honolulu kati ya 1915 na 1916, ulifanya mafuta mazito yaliyokuwa yakiwaumiza wagonjwa wa ukoma yaweze kudungwa kwa sindano na kunyonywa na mwili. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mwalimu wa kemia mwenye umri wa miaka 23, Mmarekani Mweusi, jina lake Alice Augusta Ball. Ombi letu ni kwamba kazi yake ifundishwe kwa mikono, kama jaribio, na si kwa picha na mistari mitatu ya wasifu ambayo mwanafunzi huiruka.

Ball alizaliwa Seattle tarehe 24 Julai 1892. Babu yake, James Presley Ball, alikuwa mpiga picha maarufu wa dageriotaipu, ufundi wa bamba la shaba lililopakwa fedha, linalotiwa mvuke wa iodini na kisha wa zebaki. Katika Chuo Kikuu cha Washington alipata shahada ya kemia ya dawa mwaka 1912 na ya famasia mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914, pamoja na mwalimu wake William Dehn, alichapisha makala ya kurasa 10 katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani kuhusu kuunganisha kundi la benzoili kwenye molekuli nyingine ndani ya etha. Tunalitaja hili kwa sababu wasifu wake mwingi hulipita haraka. Mtu aliyekwisha kuzoea kufunga kundi moja la atomi kwenye jingine, na kusafisha kinachopatikana, alikuwa na mkono uliokomaa kwa kazi iliyomngojea.

Kutoka Seattle alikwenda Chuo cha Hawaii, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hawaii. Tasnifu yake ilihusu viambato vya mzizi wa kava, mmea ambao watu wa visiwa vya Pasifiki hutengeneza kinywaji kutokana nao. Mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza, na Mmarekani Mweusi wa kwanza, kupata shahada ya uzamili chuoni hapo, kisha akaajiriwa kufundisha kemia. Ndipo daktari Harry Hollmann wa Hospitali ya Kalihi, Honolulu, alipomwendea na tatizo la mafuta ya chaulmoogra.

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa ndipo kemia yenyewe ilipo.

Mafuta ya chaulmoogra hukamuliwa kwenye mbegu za miti ya jenasi ya Hydnocarpus ya Asia ya kusini na kusini-mashariki. Yalitumika India na China kwa karne nyingi dhidi ya magonjwa ya ngozi, na daktari Frederic Mouat aliyatangaza kwa madaktari wa Ulaya mwaka 1854. Kuyatumia kulikuwa shida kwa kila njia. Yakipakwa, yananata tu juu ya ngozi. Yakinywewa, mgonjwa hutapika. Yakidungwa, hayasambai: hubaki chini ya ngozi kama vidonge, ngozi inavimba kwa safu za malengelenge, na sindano inayofuata inabidi ichomwe pengine.

Kabla ya Ball palikuwa na njia mbili za kuepuka adha hiyo. Huko Manila, daktari Eliodoro Mercado alichanganya mililita 60 za mafuta ya chaulmoogra na mililita 60 za mafuta yenye kafuri, akaongeza gramu 4 za resosini, akapasha moto na kuchuja. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi kidogo, lakini mafuta yenyewe hayakubadilika. Huko India, daktari Leonard Rogers alitumia chumvi za sodiamu za asidi za mafuta hayo. Hizo huyeyuka majini, lakini kila mwanafunzi aliyepika sabuni anajua chumvi ya sodiamu ya asidi ya mafuta ni kitu gani: ni sabuni. Sabuni ndani ya mshipa wa damu hupasua chembe nyekundu na kuudhi kuta za mshipa hadi unaziba.

Ball alichukua njia ya tatu. Molekuli ya mafuta ni kama pweza mwenye mikono mitatu: kichwa ni gliseroli, na kila mkono ni mnyororo mrefu wa asidi. Pweza hao wakikaa pamoja hushikana, ndiyo sababu mafuta ni mazito. Hatua ya kwanza ni kukata mikono kwa alkali, yaani kupika sabuni. Ya pili ni kuivunja sabuni kwa asidi, ili asidi za mafuta zitoke peke yake. Lakini kuishia hapo hakusaidii. Asidi ya chaulmoogriki, C18H32O2, huyeyuka kwenye nyuzi 68 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la mwili ni kigumu kama mshumaa, na asidi iliyo huru huchoma nyama ya mwili. Hatua ya tatu ndiyo kiini: kila asidi inaunganishwa na ethanoli. Kundi la asidi lenye haidrojeni, linalofanya molekuli zishikane mbili mbili, linafungwa. Kinachopatikana ni kimiminika chepesi kisicho na asidi, kinachopita kwenye sindano na kunyonywa taratibu na mwili.

Mkemia Frederick Power alikuwa amekwisha kuitenga asidi ya chaulmoogriki huko London mwaka 1904. Ndani yake mna pete ya atomi 5 za kaboni, jambo la nadra kwa asidi za mafuta ya mimea, na kwa sababu ya pete hiyo asidi inazungusha mwanga uliopolaishwa, yaani unaotetema katika bapa moja tu. Mpangilio kamili wa pete ulithibitishwa na wakemia Shriner na Adams mwaka 1925 tu. Kwa hiyo Ball alifanya kazi bila mchoro wa uhakika wa molekuli aliyokuwa akiishika. Alijua mmenyuko hutokea kwenye ncha ya asidi, na kwamba pete iliyo upande wa pili haiguswi. Hilo peke yake linatosha kumfundisha mwanafunzi maana ya kundi tendaji kuliko jedwali lolote la kukariri.

Sasa kosa ambalo tunaomba lisiingie vitabuni mwetu. Maandishi mengi yanasema Ball alifanya mafuta ya chaulmoogra yayeyuke majini. Si kweli, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuligundua kosa hilo mwenyewe. Esta ya ethili yenye mnyororo wa kaboni 18 haiyeyuki majini, huelea juu. Zinazoyeyuka ni zile chumvi za sodiamu za Rogers. Ball alishinda kwa kupunguza mnato na kuondoa asidi huru. Anayeandika kwamba esta hizo ziliyeyuka majini amemsifu Ball kwa kazi asiyoifanya na kuificha aliyoifanya.

Kosa la pili ni kusema aligundua dawa iliyomaliza ukoma. Kufikia 1920 iliripotiwa kwamba wagonjwa 78 waliotibiwa kwa esta hizo waliruhusiwa kutoka Hospitali ya Kalihi. Habari hiyo ilikuwa nzito Hawaii, ambako tangu 1866 watu wenye ukoma walikuwa wakitenganishwa na jamaa zao na kupelekwa rasi ya Kalaupapa, kisiwani Molokai, wengi wasirudi. Hata hivyo ugonjwa uliwarudia baadhi ya waliotoka. Esta za chaulmoogra zilibaki kuwa tiba bora iliyopatikana hadi dawa za sulfoni zilipoanza kutumika katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani, mwaka 1941, na dapsoni ikafuata. Matibabu ya dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, yalipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Huku kwetu pia, katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, wagonjwa walidungwa mafuta ya haidnokapasi (ya miti ileile ya Hydnocarpus) na esta zake kabla ya dapsoni kufika. Kwa hiyo somo hili linagusa historia ya tiba ya babu na bibi zetu.

Kuhusu haki ya jina. Ball aliugua na kurudi Seattle, akafariki tarehe 31 Desemba 1916 akiwa na miaka 24, kabla ya kuchapisha matokeo. Cheti cha kifo kiliandika kifua kikuu. Gazeti moja la Honolulu mwaka 1917 lilitaja sumu ya klorini aliyoivuta akifundisha. Kazi ikaendelezwa na Arthur Dean, mkemia na rais wa chuo, akaichapisha bila kumtaja, na watu wakaiita njia ya Dean. Hollmann ndiye aliyesahihisha. Katika makala yake ya 1922 aliandika wazi kwamba Miss Ball ndiye aliyelitatua tatizo, akaiita njia ya Ball. Kumbukumbu za Ball zilikuja kufukuliwa miongo mingi baadaye na watafiti Kathryn Takara na Stanley Ali, na tarehe 29 Februari 2000 chuo kiliweka bamba la jina lake kwenye mti wa chaulmoogra. Mwaka 2019 jina lake likachongwa kwenye jengo la Shule ya Afya na Tiba za Tropiki ya London. Tunaomba kitabu kiseme pia, kwa haki, kwamba Dean na Richard Wrenshall walifanya kazi halisi ya kutenganisha esta kwa ukenekaji chini ya kanieneo pungufu, na ya kuzalisha kwa wingi. Kumpa Ball haki yake hakuhitaji kuwanyang'anya wengine yao. Jina la njia ndilo lilikuwa lake.

Jaribio tunalopendekeza halihitaji mbegu za chaulmoogra. Mafuta ya nazi yanatosha, na yana faida moja: kila aliyekulia pwani ameyaona yakiganda chupani asubuhi za kipupwe, kwa hiyo mwanafunzi anajua kabla ya somo kwamba mafuta hubadilika kwa joto. Vipindi viwili virefu vya maabara vinatosha, cha pili kikiwa cha zaidi ya saa mbili.

Kipindi cha kwanza. Pima gramu 20 za mafuta ya nazi ndani ya flaski ya mililita 250. Yeyusha gramu 5 za kostiki soda katika mililita 10 za maji, acha ipoe, ongeza mililita 40 za ethanoli, mimina yote kwenye mafuta. Gramu 20 za mafuta ya nazi hula takriban gramu 3.7 za kostiki. Inayozidi ni ya kuhakikisha hakuna mafuta yanayosalia. Simamisha kondensa wima juu ya flaski ili mvuke wa spiriti urudi chini, na chemsha juu ya maji ya moto kwa dakika 45. Usitumie moto wa wazi: mvuke wa ethanoli hushika moto kwa mbali. Kazi imekamilika pale tone moja likitiwa kwenye maji ya moto linapoyeyuka lote bila vijicho vya mafuta juu. Vijicho vikionekana, ongeza dakika 15. Anayekosea hapa hukosea mpaka mwisho, maana mafuta yasiyokatwa yataelea pamoja na esta na kuifanya ionekane nzito.

Mimina sabuni kwenye mililita 100 za maji ya moto, kisha ongeza asidi ya haidrokloriki ya molari 2, kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi litmasi ya buluu iwe nyekundu. Chini ya mililita 65 hazitoshi. Kwa kawaida ni kama 75. Mchanganyiko wa maziwa utajigawa, na juu itaelea tabaka ya asidi za mafuta. Ioshe mara mbili kwa maji ya vuguvugu. Asidi za nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi: Tanga au Mombasa mchana zitabaki majimaji, Iringa zitakuwa donge jeupe. Acheni wanafunzi walione donge hilo na waulizwe kama wangekubali lidungwe mkononi mwao.

Kipindi cha pili. Chukua gramu 15 za asidi hizo zilizokauka, mililita 45 za ethanoli isiyo na maji, na mililita 1 ya asidi kali ya salfuriki inayotiwa na mwalimu mwenyewe, tone kwa tone. Chemsha kwa saa mbili na kondensa ileile. Ethanoli ni kama mara kumi ya asidi kwa idadi ya molekuli, na si ufujaji: mmenyuko huu hurudi nyuma, na alkoholi inayozidi ndiyo inayousukuma mbele. Kwa sababu hiyohiyo, spiriti yenye maji huuangusha. Spiriti ya methi ya dukani haifai pia, kwa kuwa mara nyingi ina methanoli na rangi. Mwanafunzi atapata mchanganyiko wa esta asioweza kuueleza.

Mimina kwenye mililita 100 za maji ya chumvi. Esta itapanda juu. Itenge kwa faneli ya kutenganishia, kisha ioshe kwa mmumunyo wa asilimia 5 wa sodiamu baikaboneti hadi mapovu yakome. Hapa ndipo darasa zima hukwama. Asidi iliyobaki hugeuka sabuni, sabuni hushikanisha maji na esta, na faneli nzima inakuwa uji mweupe usiotengana. Dawa yake ni kutotikisa kwa nguvu, kuzungusha taratibu tu, kuongeza kijiko cha chumvi, na kuweka faneli mahali penye joto kwa dakika kumi. Fungueni bomba la faneli mara kwa mara kutoa gesi. Mwisho osha kwa maji, kausha kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, chuja. Uoshaji huu ndio uliokuwa suala la uhai kwa wagonjwa wa Kalihi: esta isiyooshwa vizuri ina asidi, na asidi hufanya jipu pale sindano ilipoingia.

Sasa walinganishe. Jaza pipeti ya mililita 10 kwa mafuta ya nazi na upime sekunde za kumwagika, kisha fanya hivyo kwa esta, joto likiwa lilelile. Mafuta mengi ya mimea yana mnato wa milimita za mraba 30 hadi 40 kwa sekunde kwenye nyuzi 40. Esta zake huwa na 4 hadi 5 hivi. Kisha weka mirija mitatu kwenye maji ya barafu: mafuta, asidi, esta. Miwili itaganda. Wa tatu utabaki majimaji, labda na weupe kidogo wa esta za asidi ndefu, kwa sababu asidi ya lauriki, iliyo nyingi kwenye nazi, huyeyuka nyuzi 44, ilhali esta yake ya ethili huganda nyuzi 10 chini ya sifuri. Mwalimu anaweza kuongeza, kwa sentensi moja, kwamba mafuta ya mbono hufanywa dizeli kwa mantiki hiyohiyo.

Kitabu kiseme kwa herufi nzito kwamba esta hii haidungwi, hainywewi, haipakwi.

Kwa watunga mitihani, swali moja linatosha kulifanya somo lifundishwe, kwa kuwa sote tunajua kisichotahiniwa kinavyorukwa. Kwa mfano: "Asidi za mafuta ya chaulmoogra zinaweza kugeuzwa chumvi za sodiamu au esta za ethili. Andika milinganyo yote miwili. Eleza ni ipi itatoa povu majini, ni ipi itaelea, na kwa nini Alice Ball aliichagua ya pili kwa sindano." Jibu lake linapima usabunishaji, esta, muundo na tabia, bila tarehe hata moja ya kukariri.

Jaribio lifanyiwe majaribio na maabara za pwani na za nyanda za juu kabla ya kuchapishwa. Ethanoli huchemka nyuzi 78 usawa wa bahari, lakini Nairobi huchemka takriban 73, na mmenyuko unakwenda polepole zaidi. Kwa shule za huko, maelekezo yaseme kuchemsha kwa muda wa saa mbili na nusu.

Wenu katika kazi,
Walimu wa kemia na mafundi sanifu wa maabara za shule